Damu Ilitolewa Saa Ngapi? Nasaha kwa Wanaoanza Utafiti wa Kinga ya Mwili na Saratani

Kila mwaka hunijia hapa Kampala vijana wawili watatu waliomaliza shahada ya kwanza, wakiwa na hamu ya kufanya utafiti wa tiba ya saratani inayotumia kinga ya mwili, na karibu wote huanza na swali lile lile: tutaiamshaje kinga ili iushambulie uvimbe? Swali hilo ni halali, lakini huwarudisha nyuma hatua moja, kwa kuwa dawa zilizoigeuza fani hii zilitokana na watu waliojiuliza ni nini kinachoizuia kinga isifanye kazi.

Tasuku Honjo na wenzake huko Kyoto waliitambua protini ya PD-1 mwaka 1992 bila kujua kazi yake, na ilikuwa mwaka 1999 ndipo walipoonyesha kwamba panya wasio nayo hushambuliwa na kinga yao wenyewe. James Allison, wakati huo akiwa California, aliishughulikia protini nyingine inayoizuia kinga, iitwayo CTLA-4. Wengine waliiona kuwa njia ya kuwatuliza wagonjwa ambao kinga yao huwadhuru. Yeye akaiziba kwa kingamwili, yaani protini inayonata kwenye shabaha yake, na mwaka 1996 akachapisha habari za panya ambao uvimbe wao ulikataliwa na mwili. Dawa ya kwanza ya namna hiyo, ipilimumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2011. Hesabuni wenyewe: miaka 15 kutoka kwa panya hadi kwa mgonjwa, nanyi mna ufadhili wa miaka mitatu. Shimon Sakaguchi naye alizieleza mwaka 1995 seli T (chembe nyeupe za kinga) zinazozidhibiti seli nyingine za kinga, katika kipindi ambacho wanasayansi wengi walikuwa wamekwisha kulitupa wazo la seli za kuzuia, na Tuzo ya Nobel ikamfikia mwaka 2025, pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell.

Udhibiti huo si kasoro ya maumbile. Askari wa geti asiyezuilika humpiga hata mwuza maziwa, na ndivyo inavyokuwa kwa baadhi ya wagonjwa wanaopewa dawa hizi: utumbo mpana, ini, mapafu, tezi ya shingoni, na mara chache moyo, huvimba kwa kushambuliwa na seli zilizofunguliwa kamba, hata daktari akalazimika kuzituliza kwa dawa za steroidi. Kwa hiyo mtu anayetaka kuifungua kinga sharti kwanza aujue udhibiti wake wa kawaida, tena katika watu wa mahali anapofanyia kazi. Hapo ndipo nilipojikwaa mimi.

Nilipokuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamivu, nilikuwa nikilinganisha seli T za wagonjwa wa saratani kutoka wilaya za kaskazini na zile za watu wenye afya. Seli za wagonjwa zilikuwa zimezubaa kabisa. Nilizichochea kwa kila namna niliyoijua, lakini hazikugawanyika wala hazikutoa saitokaini, zile protini ambazo seli za kinga huzitumia kupashana habari, za kutajika. Nilifurahi mno, nikaanza kuandika rasimu ya makala nikieleza jinsi uvimbe unavyoifunga kinga. Fundi mmoja wa maabara, mama aliyekuwa amekaa kwenye benchi miaka mingi kuliko jumla ya miaka yangu yote ya masomo, alinisikiliza hadi mwisho kisha akaniuliza, "Mwanangu, damu hizi zilitolewa saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Damu ya wagonjwa ilikuwa ikisafiri kwa basi la usiku na kunifikia ikiwa na umri wa siku nzima au zaidi, ilhali watu wangu wenye afya walikuwa wanafunzi wenzangu, ambao damu yao ilipanda ngazi mbili tu. Damu ikikaa muda mrefu, granulosaiti, ambazo ni aina mojawapo ya chembe nyeupe, hubadilika. Unapoizungusha damu kwenye mashine ili kuitenga, nyingi kati yake hazizami chini kama kawaida, bali husalia katika lile tabaka la seli unalolichota, na zikiwa humo huzizuia seli T kuitikia. Tuliiacha damu ya wanafunzi wale wale mezani usiku kucha, na asubuhi seli zao zikawa zimezubaa vile vile. Miezi minane ya kazi ikaenda arijojo. Tangu siku hiyo, kabla sijasema ni nini kilichozizuia seli, huuliza kwanza kama aliyezizuia si mimi.

Msidhani kwamba safari huharibu tu. Mnamo Desemba 1963, kipande cha uvimbe wa taya kilichotumwa kwa ndege kutoka Kampala kwenda London kilichelewa, kwa sababu ndege ilielekezwa Manchester kutokana na ukungu, na kilipofika, maji yaliyokizunguka yalikuwa yametibuka kama yaliyoingiwa na bakteria. Kwa kawaida kitu kama hicho hutupwa. Anthony Epstein akayatazama kwa hadubini, akaona kwamba uchafu ule ulikuwa seli hai za uvimbe zilizobanduka na kuelea. Zikakuzwa, na ndani ya seli za namna hiyo yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakaviona mwaka 1964 virusi vinavyoitwa hadi leo Epstein-Barr. Uvimbe wenyewe ndio ule ambao Denis Burkitt alikuwa ameueleza mwaka 1958 akiwa daktari mpasuaji katika hospitali ya Mulago, hapa Kampala. Nina hakika wanafunzi wetu wengi huijua habari hii kwa ajili ya mtihani, wala hawaioni kuwa inahusu boksi la sampuli walilolibeba mkononi.

Kanuni tunayoifuata sasa ni kwamba damu ya mgonjwa husafiri na damu ya mtu mwenye afya kutoka kijiji kile kile, katika boksi moja na basi moja. Faida yake haiko katika saa peke yake. Mtu aliyekulia kando ya ziwa lenye kichocho, au aliyeugua malaria kila msimu wa mvua, ana kinga iliyokwisha kufundwa kujizuia, kwa kuwa minyoo na vimelea hudumu mwilini kwa kuuchochea udhibiti huo. Ukimlinganisha na takwimu za wachangia damu wa Ulaya utauhesabia uvimbe kazi iliyofanywa na kichocho. Alama za kuzitambulia seli nazo hudanganya. Seli T za udhibiti, ambazo kwa mtu mzima mwenye afya huwa kama asilimia 5 hadi 10 ya seli za CD4 (kundi mojawapo la seli T) katika damu, hutambuliwa kwa protini za CD25 na FOXP3, lakini kwa binadamu hata seli ya kawaida iliyochochewa juzi na malaria huonyesha CD25, na FOXP3 yenyewe kwa muda mfupi. Ongezeni kipimo cha protini ya CD127, ambayo huwa chache kwenye seli za udhibiti, na bado mzijaribu kwa kazi: je, zinazizuia seli nyingine kweli?

Kuhusu vibali, kamati ya maadili hutangulia na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia hufuata; anzeni mapema, sina la kuongeza. Kuhusu ridhaa ninalo. Mgonjwa aliyesafiri kutoka Arua hadi Mulago huweza kuamini kwamba kila sindano ni sehemu ya matibabu yake, hasa akielezwa kwa Kiingereza au Kiganda ilhali yeye husikia Kilugbara na Kiswahili. Mwambieni waziwazi, kwa lugha yake, kwamba damu hii haitamponya, na kwamba akikataa matibabu yake hayatabadilika, kisha mnyamaze mpaka azungumze yeye.

Atakayejiunga nasi hatagusa seli wiki ya kwanza. Ataandamana na mwuguzi, atabeba boksi lenye kipimajoto na lisilo na barafu, maana damu ya kutenga seli hai huwekwa katika joto la kawaida la chumba, na ataandika katika daftari saa ambayo sindano ilitoka mkononi mwa mgonjwa, si saa aliyokumbuka kujaza fomu.