Kabla hujamtorosha kijana wako, kakae naye kwanza

Wiki iliyopita nilipata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Kasulu, miaka 19. "Kaka, nina stori ya dogo anayeuchukia mji wao, anataka kutoroka. Nina simu yenye kamera nzuri na washkaji watatu. Naanzia wapi?" Nikamrekodia sauti ya dakika 11. Baada ya dakika tatu akajibu "poa kaka", kwa hiyo najua hakuimaliza. Ndiyo maana naandika hapa, kwa ajili yake na yenu, maana nusu ya mnaonisoma mna stori hiyohiyo kwenye daftari, msinidanganye.

Mimi filamu yangu niliiandikia Tabata, Dar, kwenye chumba cha kupanga, miaka saba baada ya kupanda treni Kigoma na kuapa sirudi. Kurasa 42. Kijana wa Kibirizi, ufukweni Kigoma, baba mvuvi, mama muanika dagaa. Kila jioni anakaa juu ya jiwe, anaitazama milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, anasema mji huu umekufa. Ukurasa wa mwisho anapanda treni. Nilipoandika "mwisho" nililia peke yangu kama mjinga. Leo nikiisoma naona haya, kwa sababu yule kijana hana kazi nyingine humo ndani zaidi ya kulalamika kwa niaba yangu. Na hiyo milima, kiangazi kikikolea, moshi na vumbi huifunika siku nyingi usiione kabisa. Mtoto wa Kigoma nilishasahau hata hilo.

Nilimpelekea mtayarishaji mmoja mjini, jina lake nalihifadhi. Alisoma kurasa nne mbele yangu, akauliza, "Jumba liko wapi? Msichana yuko wapi?" Nikamwambia hakuna jumba, kuna nyumba ya bati. Akacheka, akaangalia saa, akaondoka. Chai mbili na sambusa zake tatu nililipa mimi. Sijasahau.

Sehemu ya kutafuta pesa naipita. Ni kukopa na kuombaomba, kila mtu anaijua. Nilifika milioni tatu na laki mbili, kamera ya kuazima, maiki moja nzuri na vijana wawili wa kunisaidia. Tukapanga Juni 2024: mvua zimekwisha, shule zimefungwa, mwanga mzuri.

Tukashuka Kigoma, kesho yake asubuhi tukaenda Kibirizi na kamera begani. Ufukwe umetulia. Mitumbwi imevutwa juu mchangani, mingine imefunikwa maturubai. Vichanja vya dagaa vitupu, mbuzi amelala chini ya kimoja. Nikamuuliza mzee aliyekaa pembeni kama leo kuna msiba. Akanitazama kuanzia viatu kupanda juu.

"Wewe si umesema ni mtoto wa hapa? Mtoto wa Kigoma gani hajui ziwa limefungwa?"

Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa kwa uvuvi tangu tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu, samaki wapate kuzaliana. Nchi zote nne zinazolizunguka zilikubaliana. Redio zilitangaza, magazeti yaliandika, mama yangu mwenyewe aliniambia kwenye simu kwamba migebuka imepanda bei, nikamjibu "pole mama" nikaendelea kupanga matukio ya uvuvi. Kurasa 42, na zaidi ya 15 zilikuwa ndani ya mtumbwi.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimeandika mji uliokuwa kichwani mwangu. Wa kweli ulikuwa unaendelea na mambo yake bila mimi, wala haukuona sababu ya kunijulisha.

Halafu dogo naye. Nilimpata kupitia binamu yangu, ana miaka 16, kidato cha tatu, hajawahi kuigiza popote. Mama yake alisaini karatasi ya ridhaa, na kila siku alikuja na chupa ya chai kukaa nyuma ya kamera. (Kama mwigizaji wako ni mtoto, mzazi asaini na mzazi awepo. Hapo sibishani na mtu.) Siku ya kwanza nikampa mstari wake mkubwa: "Mji huu umekufa." Akausoma mara mbili. Akakuna shingo.

"Kaka, umekufa wapi? Jana jioni kule mtaani Mwanga hukuona watu?"

Wasaidizi wangu walicheka. Mimi nilikasirika, nikaanza kumfafanulia maana ya sanaa. Akanisikiliza kwa adabu zote, akaniambia, "Mimi hapa napendaga. Ila sikai nikatulia. Hata nyumbani mama ananisemaga."

Sikai nikatulia. Nilikuwa nimeitafuta sentensi hiyo Dar miaka miwili.

Tukaitupa filamu ya kwanza. Ya pili niliiandika kwa siku nne, nimekaa uani kwao: ziwa limefungwa, baba yuko nyumbani mchana kutwa. Fikiria mwenyewe. Mwanaume ambaye umezoea kumwona asubuhi tu, ananuka samaki, anakwenda kulala, sasa yupo. Anakuuliza unakwenda wapi. Anazima redio yako. Anapungua kidogokidogo mbele ya macho yako, maana hana cha kuleta. Hapo dogo hahitaji kuuchukia mji ndipo atake kuondoka. Nyumba tu imekuwa ndogo.

Baba tulimpata palepale ufukweni, na ni yuleyule mzee aliyenisema. Kuigiza hajui hata kidogo. Ukimwambia sema, anapaza sauti kama anaita mtumbwi ulioko mbali. Lakini alikuwa anashona nyavu zake kweli, na nikamwacha ashone. Anakaa chini, miguu ameinyoosha, ukingo wa wavu ameubana kwa kidole gumba cha mguu, sindano inapita, anavuta fundo kwa meno, anasogeza wavu kwa kisigino bila kuangalia. Tuliacha kamera iende dakika tisa. Nyuma yake kuna mlango. Dogo alitoka na kuingia kwenye ule mlango mara nne, hakuna aliyemwelekeza. Mara ya nne akasimama, akanywa maji, akarudisha kikombe, akatoka tena. Mzee hakuinua kichwa. Ile ndiyo filamu. Mengine yote tuliyopiga yanaizunguka ile.

Kwa hiyo, ushauri namba moja: nenda ukakae. Usiandike kijana wa mji mdogo ukiwa mbali. Na kama unaishi hukohuko, wewe wa Kasulu, bado nenda ukakae, kwa sababu unaweza kuishi mahali miaka 19 ukiwa umeangalia simu.

Namba mbili inafanana na namba moja. Jua kazi ya watu wako inavyokwenda, kwa tarehe. Hili nililipia mara ya pili. Nilitaka picha ya mwisho iwe taa za wavuvi usiku, ule mstari wa taa ziwani unaofanya ng'ambo kuonekana kama kuna mji mwingine. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri. Nikarudi kwa nauli ya kukopa kuwahi usiku wa kufunguliwa ziwa, tarehe 15 Agosti. Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa. Dagaa hufuata taa kwenye giza, mbalamwezi ikiwaka uvuvi unalegea, kila mtoto wa Kibirizi anajua hilo. Waliotoka kwa hamu ya siku ya kwanza taa zao zilimezwa na mwanga wa mwezi, kwenye kamera hazikuonekana. Ikabidi nisubiri giza la mwanzoni mwa Septemba, nikilala kwa shangazi na kula kwake wiki mbili na nusu. Ugali, migebuka ya mawese, na maswali kuhusu ndoa.

Treni? Haimo. Nilikuwa na kibali cha Bodi ya Filamu mfukoni, nikadhani kinafungua kila geti. Mlinzi wa stesheni aliniuliza ruhusa ya hapo stesheni iko wapi, sina, akanitoa kwa heshima. Omba ruhusa ya kila mahali mapema, kwa barua. Siku ile niliumia, ila ukweli ni kwamba lile jengo la Wajerumani ni zuri mno, lingeigeuza filamu yangu kuwa kalenda.

Matamasha matatu yaliikataa, mawili hayakujibu hata barua. Mwaka huu moja limeipokea, dakika 34, na yule bwana wa sambusa amenitumia "hongera sana mdogo wangu, nilijua tu". Sijamjibu. Labda ni dhambi.

Lakini kwanza niliionyesha Kibirizi, kwenye kibanda umiza, baada ya mechi, mwenye kibanda akakubali watu wasilipe tena. Benchi zimejaa, joto, wengine wamesimama dirishani. Kwenye dakika za wavu nilitaka kuzimia kwa hofu kwamba watazomea. Hawakuzomea. Wazee wawili walianza kubishana kwa sauti kama fundo lile linafungwa hivyo au sivyo, mzee wangu akasimama katikati ya ukumbi kujitetea, na watu wakawaambia wakae, wanaziba. Mama wa dogo hakusema lolote mpaka mwisho. Alipotoka aliniambia, "Kwani pale alipokunywa maji mara ya mwisho, alikuwa anataka kusema nini?" Nikamwambia sijui, mama. Akaguna, akaenda zake.

Acheni basi kuandika hotuba, ndugu zangu. Kijana asiyetulia hahutubii, anazungukazunguka. Mpe mlango, mpe baba, mpe kitu ambacho akiondoka kitamuuma. Mkae naye. Najua nimeshalisema hilo.

Na wewe wa Kasulu, kama umefika huku chini: niandikie baba wa kijana wako anafanya kazi gani, na mwezi gani kazi hiyo inasimama. Usinitumie "poa kaka".