Domeni Haihamishwi Ijumaa Jioni

Ijumaa iliyopita, saa kumi na moja na robo jioni, kijana wetu mmoja hapa ofisini Kijitonyama kafunga laptopu, kabeba begi, kaniambia, "Kaka, ile domeni ya mteja nimeshahamisha. Bado propagesheni tu, mabadiliko yasambae mtandaoni." Nikamuuliza kama amenakili rekodi za MX, zile zinazoelekeza barua pepe za domeni (jina la mteja mtandaoni) ziende seva ipi. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza jina la nyanya wa bibi yake. Nikamwambia begi aliweke chini.

Tulitoka saa tatu usiku. Foleni ya Mwenge ilikuwa imeisha, hilo ndilo jema pekee la siku ile. Kwenye bajaji nikaamua niwaandikie kabisa, wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi hii ya tovuti na matangazo ya mtandaoni, maana huyu ni wa tatu mwaka huu na kosa ni lile lile.

1. Jua mteja wako anaishi mwaka gani.

Nilipoanza, 2006, tovuti ilikuwa kibao cha mlangoni. Bosi alitaka picha yake akiwa na tai, bendera nyuma, na salamu za Mkurugenzi aya nne. Alitaka Flash, nembo izunguke na muziki ulie. Intaneti yenyewe ilikuwa ya setilaiti, tena ya kulipia kwa nusu saa kwenye kafe za Samora. Nembo ilianza kuzunguka muda wako ukiwa unakaribia kuisha. Halafu chini lazima kuwe na kaunta ya wageni. Mzee mmoja wa vipuri pale Gerezani alikuwa akinipigia kila asubuhi: "Leo wameingia mia na arobaini!" Walikuwa yeye na mwanawe, wanabonyeza refreshi. Sikumwambia. Mpaka leo sijamwambia.

Mkongo wa intaneti wa SEACOM ukafika Dar 2009, simu za kupangusa zikashuka bei, na wateja wale wale wakageuka. Nilikwenda Mtaa wa Aggrey kumuuzia tovuti muuza simu, akacheka mpaka akakaa chini. "Duka langu Insta, kaunta yangu WhatsApp, hela inaingia M-Pesa, mzigo unapelekwa na bodaboda. Wewe unaniletea nini?" Nikamjibu kwamba tovuti inaipa kampuni hadhi. Akaniuliza hadhi inauzwa bei gani kwa jumla.

Alikuwa sahihi, na nyie mnaowacheka wateja wa "bei DM" mkumbuke hilo. Alikuwa sahihi mpaka Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika kwa pamoja jioni na kurudi baada ya saa sita usiku. Alinipigia mara tano akidhani simu yake imekufa, yeye muuza simu! Wiki iliyofuata akaja mwenyewe: "Nitengenezee hata ukurasa mmoja, ambao hakuna mtu wa Marekani anaweza kunizimia." Sikumweleza seva yenyewe itakaa wapi.

Sasa siku moja tu mnaweza kupokea wateja wa zama zote tatu: wa kibao, wa Insta, na aliyeungua akarudi. Msiwape wote kotesheni moja.

2. Domeni isajiliwe kwa jina la mteja, barua pepe yake na simu yake. Si Gmail yako. Mkunga haondoki na mtoto. Siku ukifa, watu wa watu wasiende Makaburi ya Kinondoni kukuuliza paswedi.

3. Kabla hujagusa nemuseva (seva zinazotunza rekodi za domeni), nakili rekodi zote.

Hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 2012 nilipata kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi yao Sokoine Drive. Mwenye kampuni, nimwite Mzee tu, aliniambia wazi: "Tovuti ni kibao, kijana. Kazi yangu iko kwenye e-mail." Hakujua kuwa kibao na e-mail vimetundikwa kwenye msumari mmoja, domeni. Mimi nilijua, na ndiyo maana bado inaniuma.

Nikajenga kitu kizuri kwenye Joomla, programu ya kujengea tovuti, nikanunua hosti mpya, yaani seva ya kuiweka, Ijumaa jioni nikabadilisha nemuseva, nikaenda kula mishikaki. Jumamosi tovuti mpya ikafunguka. Jumatatu nikaenda kuchukua salio langu, laki nane taslimu, na karani akanipa soda.

Barua pepe sikuwa nimezigusa hata kwa mawazo. Na shetani wa kosa hili ni kwamba halipigi kelele. Outlook zao zilikuwa zimesetiwa kwa jina la seva ya hosti wa zamani, kwa hiyo zilifunguka bila kulalamika. Wakiandikiana wenyewe ofisini, barua zilifika, kwa kuwa seva ya zamani bado ilijiona ndiyo mwenye domeni. Siku mbili za mwanzo hata za nje chache ziliingia, DNS za watu, yaani daftari la anwani la mtandao, zilikuwa hazijasahau. Kisha zikakauka polepole kama kisima cha kiangazi. Karani akasema mwezi huu biashara ngumu. Mhasibu akasema ndiyo, hata kwa shemeji yake hali ni hiyo.

Siku ya tisa wakala wa meli akapiga simu: kontena zenu mbili za transiti kwenda Lubumbashi mbona hamzishughulikii? Meli ilishafika, taarifa ilishatumwa kwa e-mail, siku za bure zimekwisha, storeji inahesabu. Kumbe mwenye mzigo kule Lubumbashi naye alikuwa ameandika mara tatu bila kujibiwa, akaanza kuamini wametoroka na hela yake.

Mzee akaniita. Hakufoka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kaa. E-mail zangu ziko wapi?"

Wadogo zangu, nilijua palepale. Tumbo lilijua kabla ya kichwa. Nikafungua mdomo, nikasema, "Itakuwa mkongo, Mzee. Mkongo umekatika."

Akatikisa kichwa, akaniamini. Mbele yangu akachukua simu, akampigia mtu wa Lubumbashi, akamwambia kwa adabu zote kwamba Tanzania mkongo wa baharini umekatika, atusamehe. Mimi nimekaa pale, soda nyingine mkononi.

Nikaomba kompyuta ya karani, nikaingia cPanel, paneli ya kuendeshea ile hosti mpya. Anwani ya difolti, inayopokea barua zisizo na sanduku lake, ilikuwa wazi, imemeza kila kitu kilichotumwa kwenye domeni ile kwa siku tisa. Barua 214, zimelala kwenye sanduku ambalo hakuna aliyejua lipo. Ya wakala wa meli ilikuwa ya tatu kutoka chini. Nikazirudisha, nikaweka MX mahali pake, ikanichukua dakika ishirini. Kilichonichukua muda ni kupanda ngazi kurudi kwa Mzee. Nilizunguka jengo lile mara mbili.

Nilipomweleza, hakuanza na storeji. Alivua miwani, akasema, "Kwa hiyo nimemdanganya mtu wa Lubumbashi."

Laki nane nilirudisha, na haikufika hata nusu ya gharama. Iliyobaki nilifidia kwa kuitunza tovuti yake mwaka mzima bure. Hakunifukuza, lakini tangu hapo kila kompyuta yake ikizubaa ananipigia: "Ni mkongo?" Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika kweli na nchi nzima ikawa inasota, simu yake ilikuwa ya kwanza. "Kijana, leo nimwamini nani?"

Basi. Nakili rekodi za A, MX, CNAME na TXT zote, tengeneza masanduku upande wa pili, tuma barua ya majaribio kutoka nje ya kampuni, na ufanye hivyo Jumanne asubuhi.

4. Picha ziwe nyepesi, mteja anatumia bando. Namba ya simu iwe juu, na ibonyezeke. Bei iandikwe. Pini ya ramani iwekwe sawasawa, kwa sababu anwani zetu bado ni "shuka sheli, uliza kwa mama ntilie."

5. Ukibusti tangazo, chagua eneo.

Kuna mama mmoja wa keki Tabata, kijana wetu mwingine alimlipia tangazo akaacha "Tanzania" nzima. Mama alifurahi mno, laiki zilimiminika. Kisha oda zikaanza kuingia: Mwanza, Songea, mmoja Kigoma anataka keki ya ghorofa tatu ya Jumamosi. Mama akaniuliza kwa upole kama krimu inaweza kuhimili basi. Lakini nilichokipenda ni alichofanya baada ya hapo. Alichukua daftari, akaandika kila aliyepiga simu ametokea wapi na kama amenunua. Hajawahi kusikia neno analitiki. Kuna kampuni zenye jengo Posta hazina daftari hilo.

6. Huyu wa Ijumaa bado amenuna, lakini anajifunza. Wengine wote, Jumatatu saa mbili kamili nataka mezani kwangu rekodi za DNS za kila mteja unayemshika, zimechapwa kwenye karatasi. Sitaki picha ya skrini. Na atakayeniambia printa imekwama kwa sababu ya mkongo, ajue jibu hilo nimeshawahi kulitumia.