PLC Ikigoma Ukiwa Unabadilisha Programu na Mtambo Unatembea

Taa ya OK ya ControlLogix, PLC (kompyuta inayoendesha mitambo) ya Rockwell, ikianza kumweka nyekundu mara tu ulipobonyeza Test, kitufe cha kujaribu mabadiliko, usikimbilie kuzima umeme. Nyekundu inayomweka ni hitilafu kubwa inayoweza kuondolewa, na maelezo yake bado yamo ndani. Ya kuogopa ni nyekundu isiyomweka: hapo programu hufutika kwenye kumbukumbu, ukalazimika kuipakia upya.

Kwenye laptopu fungua ukurasa wa Major Faults (hitilafu kubwa), piga picha Type, Code, jina la rutini (sehemu ya programu) na namba ya mstari. Clear Majors, kitufe cha kuondoa hitilafu, ije baadaye. Ukiondoa hitilafu bila kugusa chanzo, kidhibiti kitasimama tena mstari ule ule ukifikiwa. Tena biti zilizokuwa zimeshikwa kwenye 1 huweza kubaki vile vile, konveya ikaondoka ghafla. Hakikisha hakuna mtu ndani ya mashine kabla ya kurudi Run.

Inayosumbua zaidi ni Type 4 Code 20, indeksi (namba ya nafasi) iliyopita mwisho wa safu. Safu ya nafasi 10 huanza 0 na kuishia 9. Umejaribu Joto[i] wakati i ni 3, mambo safi, ukaondoka. Usiku i inafika 10 na kiwanda kinalala. Bana i yenyewe kwenye mstari wa juu: ikizidi 9, irudishe 0. Usitegemee sharti lililowekwa mbele ya OTE, amri inayoandika 1 au 0 kwenye biti, kwa kuwa OTE hutekelezwa hata sharti lisipotimia. Lazima iandike sifuri, na ili iandike inasoma ile indeksi mbovu.

Type 6 Code 1 ni wochidogi ya taski, kipima muda kinachosimamisha programu ikikawia kumaliza mzunguko, ambayo hutoka kiwandani ikiwa imewekwa milisekunde 500. Tafuta JMP (amri ya kuruka hadi mstari mwingine) inayorudi nyuma bila kikomo. Kuongeza muda hadi sekunde 2 ni kuficha ugonjwa tu.

Kuna mtego ambao hauwashi taa yoyote. Umeongeza mstari unaofungua vali, biti ikawa 1, kisha ukabonyeza Untest (kurudi kwenye programu ya awali) au ukafuta mstari. Biti inabaki 1, maana hakuna tena anayeiandikia sifuri, na vali inabaki wazi. Kabla ya kufuta, weka AFI, amri ambayo sharti lake halitimii kamwe, mwanzoni mwa mstari, iache skani (mzunguko mmoja wa programu) ipite, uone biti imedondoka, ndipo ufute. Na Assemble, kitufe cha kukubali mabadiliko moja kwa moja, isubiri mpaka mtambo upite kuwaka, kuzima na kitufe cha dharura, kwa sababu baada yake Untest haipo.

Kwa Siemens S7-300 na S7-400 kosa ni mpangilio. Ukipakia OB1 (bloku kuu ya programu) inayoita FC (bloku ya kazi) ambayo haijafika bado, na OB121 (bloku ya kushughulikia makosa ya programu) haipo, CPU inaingia STOP. Anza na DB (bloku za data) na FC, OB1 iwe ya mwisho. Kwenye bafa ya uchunguzi (orodha ya matukio ya CPU) usiishie tukio la juu, ambalo mara nyingi husema tu CPU imesimama. Shuka chini yake uone bloku ipi haikupatikana.

Ukimaliza, hifadhi faili jipya lenye tarehe, lile la zamani liache kando, kisha, kwa ControlLogix, geuza ufunguo kwenye RUN. Ukiwa hapo, hakuna laptopu itakayobadilisha mstari.