Gemu mpya ya mbio za magari ikitoka, kwanza muulize msemaji anaichezaje

Gemu kubwa ya mbio za magari haijamaliza hata siku moja sokoni, wachezaji wameshagawanyika. Huyu anasema gari linashika barabara vizuri ajabu, yule anaapa kwamba linateleza kama limepakwa mafuta, na wote wanazungumzia gari lilelile kwenye kona ileile. Nimecheza gemu hizi tangu enzi za PlayStation ya kwanza, na mabishano ya namna hii nimeyaingia mara nyingi kwa moyo wote. Ushauri wangu kwa anayetaka kununua ni huu: kabla hujapima alichosema mtu, muulize anaichezaje. Padi ya mkononi au usukani? Amewasha misaada gani ya kuendesha, ile ambayo gemu inakusaidia breki na usukani? Runinga yake iko kwenye modi ya gemu, ule mpangilio unaopunguza kuchelewa kwa picha? Majibu ya maswali hayo yana faida kuliko nyota tano au nyota moja aliyotoa.

Tuanze na padi, kwa sababu hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa. Kijiti cha padi kinasafiri kidogo sana kutoka katikati hadi mwisho, kidole gumba kikisogea tu kimefika. Usukani wa gemu, ule mzuri, huzunguka hadi nyuzi 900. Kama gemu ingefuata kijiti moja kwa moja, kila ukigusa gari lingepinduka. Kwa hiyo watengenezaji huweka programu katikati: unasukuma kijiti hadi mwisho, lakini magurudumu yanageuka taratibu, na kadiri kasi inavyopanda ndivyo yanavyoruhusiwa kugeuka kidogo zaidi. Kila studio inaiandika programu hiyo kwa namna yake. Anayelalamika kwamba "gari ni zito, halikati kona" mara nyingi anailalamikia programu hiyo, wala si fizikia ya gari. Mwenye usukani hakutani nayo kwa kiasi hicho. Yeye anapokea nguvu inayomrudia mikononi, anahisi tairi za mbele zinapoanza kulegea kabla macho hayajaona kitu. Wamenunua gemu moja, lakini wanachokihisi ni vitu viwili tofauti, na kila mmoja anasema kweli.

Ndiyo maana gemu mpya naijaribu kwa utaratibu uleule. Kwanza mipangilio: kuna sehemu ya katikati ambapo kijiti kinasogea na gemu haiitikii, na kwenye gemu nyingine sehemu hiyo inakuja kubwa mno. Naipunguza hadi karibu na sifuri, ilimradi gari lisianze kujigeuza lenyewe. Kisha nachukua gari la kawaida, la nguvu ya wastani, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Magari ya mashindano yenye mabawa makubwa yanaficha mengi, kwa sababu hewa inayakandamiza chini. Nazima misaada yote isipokuwa ABS, inayozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki, halafu natafuta barabara fupi ninayoijua.

Kama gemu inao uwanja wa mbio wa Tsukuba, Japani, basi huo. Una urefu wa kilomita 2 na kidogo, na kona yake ya mwisho ni ndefu, inaelekea kulia, unakaa ndani yake muda wa kutosha kusikiliza gari. Katikati ya kona achia mafuta kidogo tu, bila kugusa usukani. Uzito unahamia mbele, tairi za mbele zinapata nguvu, na pua ya gari inapaswa kurudi ndani ya kona. Ikirudi taratibu na kwa kiasi unachokitegemea, hiyo fizikia imefanyiwa kazi. Gari likiendelea kwenda nje kana kwamba hujafanya lolote, au mkia ukichomoka ghafla bila dalili, umepata jambo la kwenda kusema kwenye mjadala, na utalisema kwa mfano ambao mwingine anaweza kwenda kuujaribu.

Swali la runinga watu hulidharau, nami nalishikilia. Gari likiwa kwenye kilomita 200 kwa saa linakwenda zaidi ya mita 55 kila sekunde. Gemu ikionyesha fremu 30 kwa sekunde, kati ya picha moja na inayofuata gari limeshasogea karibu mita 2. Kwa fremu 60 ni chini ya mita 1. Sasa ongeza runinga ambayo inazipamba picha kabla ya kuzionyesha, na kila amri ya kidole chako inaonekana imechelewa zaidi. Mwenye runinga ya namna hiyo atakuambia breki za gemu ni mbovu. Breki hazina tatizo. Alama ya kufungia breki ameshaipita kabla hajaiona. Washa modi ya gemu kwenye runinga, chagua fremu 60 kama konsoli inatoa nafasi hiyo hata picha ikipungua uzuri, kisha ndipo uhukumu.

Niliwahi kuwaona wawili wakigombana vikali juu ya gari moja, mmoja akidai halikati kona, mwingine akidai linakata kama kisu. Nikawaomba kila mmoja aonyeshe video ya mzunguko mmoja, vipimo vya breki na mafuta vikiwa vinaonekana pembeni mwa skrini. Wa kwanza alikuwa akiikamua breki kwa nguvu zote hadi katikati ya kona, tairi za mbele zimeelemewa, hazina nafasi tena ya kugeuza. Wa pili alikuwa akianza na breki nzito na kuiachia polepole kadiri anavyogeuza. Mjadala uliishia hapo, na yule wa kwanza akaondoka na ujuzi. Tangu hapo, mtu akija na dai kali juu ya uendeshaji, namwomba video ya mzunguko mmoja.

Mabishano mengine ni ya ladha, na hayo hayana mshindi. Mario Kart World ilipotoka Juni 2025 pamoja na konsoli ya Nintendo, Switch 2, wapo waliofurahia kukimbia barabara zinazounganisha uwanja mmoja na mwingine wakiwa wachezaji 24, na wapo waliotaka mizunguko mitatu ya uwanja uleule kama zamani. Hata jina moja linaweza kubeba matawi mawili: Forza Motorsport ni ya viwanjani na inajali hali ya tairi, Forza Horizon ni ya kuzurura na kuruka vilima. Anayetaka moja akipewa nyingine atachukia, na chuki yake haikuhusu wewe unayeitaka hiyohiyo.

Ila kuna lalamiko moja ambalo mimi nalisikiliza bila kuuliza padi wala runinga, nalo ni la uchumi wa ndani ya gemu. Unalipwa nini baada ya mashindano, magari yanauzwa bei gani, na je, unasukumwa kutoa pesa halisi? Jambo hili wahakiki wa mwanzo hawalioni vizuri, kwa sababu linaweza kubadilika baada ya gemu kutoka. Gran Turismo 7 ilitoka tarehe 4 Machi 2022 ikasifiwa sana. Mwezi huohuo sasisho likapunguza malipo ya mashindano kadhaa, na wakati huohuo seva zikazima kwa zaidi ya siku nzima. Kwa kuwa sehemu kubwa ya gemu hiyo inahitaji intaneti hata ukicheza peke yako, watu wakabaki na diski mkononi na hawana pa kucheza. Kiongozi wake, Kazunori Yamauchi, aliomba radhi, wachezaji wakapewa krediti milioni 1, yaani pesa za ndani ya gemu, na sasisho la Aprili likaongeza malipo. Forza Motorsport ya Oktoba 2023 nayo iliwafungia wachezaji vipuri vya gari hadi waliendeshe muda mrefu na kupanda viwango. Kelele zikawa nyingi, na mwaka uliofuata studio ikalegeza.

Katika visa vyote viwili wachezaji walipaza sauti na gemu ikabadilika. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema malalamiko ya mwanzoni ni kelele za watu wasioridhika. Kelele yenye jambo mahususi ndani yake ina kazi. Andika ni mashindano gani, yanalipa kiasi gani, yanachukua dakika ngapi. Hilo linamsaidia mnunuzi na linamfikia mtengenezaji.

Kununua lini? Kama huna haraka, subiri masasisho mawili matatu. Driveclub ilitoka Oktoba 2014 na seva zake zikashindwa kubeba watu. Mvua iliyoahidiwa ikaja Desemba, na waliorudi wakakuta gemu nyingine kabisa, yenye matone yanayotambaa kwenye kioo kulingana na mwendo wa gari. Na kabla hujalipa, tafuta jibu la swali moja tu: bila intaneti naweza kucheza nini? Waulize walionunua wachomoe waya wajaribu. The Crew ya mwaka 2014 ilifungwa seva tarehe 31 Machi 2024, na hata wenye diski hawakuweza kuicheza tena.

Kusubiri nako kuna mpaka, hasa kwa gemu zenye magari halisi. Majina na maumbo ya magari hayo hutumiwa kwa leseni, na leseni huisha. Forza Horizon 3 ya mwaka 2016 iliondolewa madukani mwaka 2020. Forza Horizon 4 ya mwaka 2018 ikafuata Desemba 2024. Walionazo wanaendelea kuzicheza, lakini mgeni hawezi tena kuinunua nakala mpya ya kupakua. Ukiona gemu ya aina hiyo imefikisha mwaka wa nne, masasisho yametulia na bei imeshuka, na bado unaitamani, inunue.