Tulivyompeleka bibi kumuona mjusi wa Tendaguru kule Berlin (soma kabla hujabeba watoto)

Mara ya kwanza tulienda jumatatu. Naanza na hilo ili ujue anayekushauri hapa ni mtu wa aina gani. Tumetoka Leipzig asubuhi na treni, watoto wawili, kigari cha mtoto, mfuko wa maandazi, mvua inanyesha ile ya kuudhi, tunafika Invalidenstraße mlango umefungwa, mi nikadhani tumewahi tu, nikasogea kusoma kibao, kumbe jumatatu hawafungui. Kila jumatatu. Baba watoto hakusema neno, aliniangalia tu, na bora angesema. Siku ile tukaishia kula chipsi stesheni tukarudi zetu.

Kwa hiyo makumbusho ya viumbe asilia ya Berlin, Museum für Naturkunde, ni jumanne mpaka jumapili. Siku za kazi wanafungua saa tatu na nusu asubuhi, wikiendi saa nne, wanafunga saa kumi na mbili jioni. Hata hivo ingia kwenye tovuti yao wiki ileile unayokwenda, maana jengo ni la 1889, linakarabatiwa kwa awamu na ukumbi uliouona kwenye picha ya mtu unaweza ukakuta una turubai. Tiketi nunua hukohuko mtandaoni, foleni ya wikiendi na mtoto wa miaka mitatu sikuombei. Kufika ni rahisi, treni ya chini ya ardhi ya U6 kituo chenyewe kinaitwa Naturkundemuseum, ukitoka juu umeshafika.

Safari ya pili ilikua oktoba, na safari hii tulikua na mama yangu mzazi, amekuja kututembelea kutoka Lindi. Sasa kwa ambao hawajui, mjusi mkubwa kabisa aliyesimamishwa pale Berlin, yani mifupa ya dinosaria, katoka kwetu, katoka Tendaguru, kama kilomita 60 kutoka Lindi mjini. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913, miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji, watu wa kusini bado wana majeraha na njaa ya vita, na hao hao ndio waliochimba na ndio waliobeba. Mifupa ilitembea kichwani na mabegani mwa watu mwendo wa siku tatu nne mpaka bandarini Lindi, zaidi ya tani 200, ikapandishwa meli. Mjusi mwenyewe alikuja kusimamishwa 1937. Jina lake la kisayansi ni Giraffatitan, ana kama miaka milioni 150, urefu kwenda juu mita 13.27.

Hiyo 13.27 ndo iliyonisaidia kuliko kitu kingine chochote kwenye maandalizi. Unaweza kumwambia mtoto "mita kumi na tatu" mpaka kesho, haimwingii. Jumamosi moja kabla ya safari nikachukua kamba ya kuanikia nguo, nikapima mita 13 na kitu, nikafunga kitambaa chekundu mwishoni, tukashuka chini tukaitandaza kwenye njia ya waenda kwa miguu. Mkubwa wangu, ana miaka tisa, akalala chini pembeni ya kamba, tukaweka chaki kichwani na miguuni, akahamia mbele akalala tena, kalala mara kumi bado kamba inaendelea. Jirani mmoja mzee kasimama na mbwa wake anatuangalia, hakuuliza. Mama yuko dirishani ghorofa ya tatu anacheka, eti "huo mnazi, na sio mnazi mchanga". Tangu hapo mtoto hakulala vizuri mpaka siku ya safari, na mi nilikua nimepata nilichotaka.

Maana ushauri wangu mkubwa ndo huu: kazi ifanyike nyumbani. Ukiingia pale bila hadithi, watoto wanaona mifupa, mifupa, mifupa mingine, njaa. Mi jioni za wiki ile nilikua nawahadithia kidogo kidogo, msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, mzungu wa kwanza kuandika habari za mifupa ile alikua injinia wa madini anaitwa Sattler mwaka 1906, ila wenyeji wale mifupa walikua wanapishana nayo siku zote. Nikapakua kwenye simu picha ya zamani ya wapagazi na mizigo yao. Hiyo picha ntairudia.

Kitu cha pili, usijaribu kumaliza. Makumbusho yale yana vitu kama milioni 30 kwa ujumla, vinavyooneshwa ni kijisehemu tu na hicho kijisehemu chenyewe kinakushinda. Tulikubaliana kila mtu achague kitu kimoja, basi. Mkubwa kachagua Kentrosaurus, yule mwenye miiba mgongoni mpaka mkiani, naye wa Tendaguru, kitinda mimba kachagua Knut, yule dubu mweupe aliyekua maarufu kwenye bustani ya wanyama ya Berlin akafa 2011, sasa kakaushwa kasimamishwa pale. Baba watoto alitaka kuona Archaeopteryx, jiwe lenye alama ya ndege wa kale mwenye meno na mkia wa mifupa, sijui kwanini mtu mzima achague jiwe lakini kila mtu na chake. Mama mjusi. Mimi nilitaka ile mitungi ya samaki kwenye spiriti, mitungi laki mbili na elfu 76 ndani ya chumba cha vioo kinachong'aa manjano. Ngoja nitakwambia kama niliiona.

Ya siku yenyewe nayapitisha haraka. Makoti na mabegi makubwa waache kwenye makabati, beba sarafu za euro moja na mbili maana huku kabati nyingi bila sarafu hazifungi na mashine ya kuchenji utaitafuta we. Choo kwanza, wote, hata anayesema hana haja, hasa huyo. Chakula beba chako mle nje kabla ya kuingia, sisi tulikula chapati na mayai ya kuchemsha kwenye benchi na baridi yake, ndani ya kumbi hawaruhusu kula na mgahawa ukilipia watu watano utajuta. Namba yangu ya simu nilimwandikia kitinda mimba kwa kalamu mkononi, na tukapanga atakayepotea aende mguuni kwa mjusi asimame hapo, maana mjusi anaonekana, huwezi kumkosa. Nilijiona nazidisha, ila dakika kumi na tano baada ya kufika kwa Knut kitinda mimba hayupo, moyo ukashuka tumboni, nakimbia huku nasukuma kigari kitupu, namkuta kasimama mguuni kwa mjusi kakunja mikono, ananigombeza mimi kwamba nimepotea.

Kama una mzee, uliza mapokezi kama wana kiti cha magurudumu au vile viti vya kukunja, makumbusho mengi ya huku wanaazimisha. Mama alikataa, "mi sio mgonjwa", baada ya nusu saa akakaa kwenye kila benchi tuliyopita. Habari ya swala alishaipanga mwenyewe kabla hatujatoka, ni musafiri, atachanganya adhuhuri na alasiri, ila mi nilikua sijawaza kabisa, kwa hiyo we iwaze, la sivyo unaanza kutafuta kona saa nane mchana.

Sasa mjusi. Unaingia tu ukumbi wa kwanza yuko mbele yako, hakuna kujiandaa. Miguu ya mbele kwanza, yani mfupa mmoja wa mguu unampita baba watoto na baba watoto sio mfupi, halafu unafuata shingo na macho mpaka kofia inadondoka, paa la kioo huko juu na kichwa kidogo kinachungulia kama kinatafuta mtu. Mkubwa alikua amejiapiza atapiga kelele, badala yake akanong'ona "Bibi, kamba". Mama alisimama muda mrefu sana. Akaenda kushoto, akarudi kulia, akahesabu vidole vya mguu kwa sauti.

"Huyu kweli katoka kwetu?"

Nikamwambia ndio mama, ingawa sio mjusi mmoja kamili, wameunga mifupa ya zaidi ya mmoja na penye pengo wakajaza nakala. Akasema "ahaa, kama viti vya harusi", sikuelewa mpaka usiku, yani vile vya kuazima kila nyumba. Nikatoa simu nikamwonesha ile picha ya wapagazi. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akauliza swali ambalo nilikua nimelitegea maana nilijua litakuja: "Na hawa majina yao yako wapi?"

Wengi sijui, na nilimwambia hivohivo. Ila mawili nilikua nayo. Kuna dinosaria wa Tendaguru kapewa jina la Boheti, Australodocus bohetii, mwaka 2007. Na kuna mwingine 2019 kaitwa Wamweracaudia keranjei, hilo la pili ni la Mohammadi Keranje aliyekua msimamizi wa uchimbaji, na la kwanza ni Wamwera, kabila la huko kwetu Lindi, pamoja na neno la Kilatini la mkia. Sasa mama ni Mmwera. Akarudia, "mkia wa Wamwera", akakaa kimya, mi nikadhani kaguswa, kumbe anatafuta la kusema.

"Yani mwili wote huo, sisi wametupa mkia."

Akaanza kucheka, mkubwa akacheka kwa sababu bibi anacheka, mlinzi wa ukumbi akatusogelea, baba watoto akajifanya hatujui.

Jiandae na swali jingine ambalo lazima litoke, la mkubwa lilitoka palepale: mbona hawamrudishi? Usimkatie mtoto na jibu la "utaelewa ukikua". Mi nilimwambia kwamba watu wazima wanabishana, hata bungeni Dodoma limefika, wengine wanasema ni mali yetu arudi, wengine wanasema kumbeba na kumtunza ni gharama kubwa bora tunufaike kwa njia nyingine. Akauliza, bibi unaonaje. Mama akasema yeye anachotaka watoto wa Lindi wamuone bila viza, hilo la mjusi kusafiri au watoto kusafiri wataamua wenye nguvu. Nikaona niache hapo.

Kutoka hapo tulikua na saa moja tu ya utulivu. Kentrosaurus dakika kumi, jiwe la ndege dakika tano (kwenye kioo gizani, na nakubali, ni zuri, manyoya yanaonekana kabisa, baba watoto kashinda), Knut nimeshasema. Kitinda mimba akaanza kulala chini sakafuni, ile dalili ya kwanza. Ukiiona ondoka. Usiseme kidogo tu, usiseme nimelipia, ondoka, maana dalili ya pili ni kelele na dalili ya tatu ni wewe. Saa mbili kwa mtoto wa miaka mitatu ni nyingi. Mitungi yangu sikuiona, niliipita mlango uko mbali nikaona ule mwanga wa manjano kwa pembeni, basi.

Dukani mtapita tu hakuna namna, kwa hiyo bei ipangwe nyumbani, na kila mtoto ashike hela yake mwenyewe mkononi. Mkubwa alizunguka robo saa na euro zake kumi akaishia kununua penseli na kubakiza chenji, kitinda mimba alitaka dinosaria wa plastiki ambaye kwa macho yangu ni faru, nikanunua faru. Mama akachukua postikadi sita za mjusi za kupeleka Lindi.

Kama wewe uko Nairobi au Dar usione haya ni ya Ulaya peke yake, kule Nairobi watoto wakamuone sanamu wa Ahmed, yule tembo wa Marsabit, na mifupa ya yule kijana wa Turkana, binadamu wa kale, mpango ni uleule, kitu kimoja kila mtu na hadithi iwe imeanza nyumbani.

Kwenye treni ya kurudi mama alituma voisi ndefu kwa dada yake, anamweleza urefu wa mjusi kwa kumlinganisha na mnazi wa nyuma kwa mjomba, sijui upi. Mkubwa akamkatiza, anataka kujua Tendaguru kwenyewe mtu anaweza kwenda. "Unaweza, mume wangu", mama akamwambia, "ila uje kiangazi, masika ile barabara hupiti." Akarudi kwenye voisi yake. Mi nimeshaanza kuangalia bei za tiketi za julai, na mitungi nitaenda kuiona peke yangu, jumanne.