Umeacha mashindano, sasa unataka kufundisha tenisi Mtwara

Mchezaji mstaafu akiingia kwenye ukocha, kosa lake la kwanza huwa lile lile: anacheza. Anawapanga watoto 12 foleni moja, anasimama ng'ambo ya wavu, anawapigia mipira ya kishindo, watoto wanaikosa, na wazazi waliokaa kivulini wanamsifu yeye. Piga hesabu. Mpira mmoja kila sekunde 5 kwa foleni ya watoto 12 maana yake kila mtoto anasubiri dakika nzima ili apige mara moja. Dakika 20 zikiisha kapiga mipira 20, tena kama aliipata. Muda uliobaki kachezea mchanga.

Vikombe vyako vitakuletea wanafunzi wiki ya kwanza, basi. Baada ya hapo ni ufundishaji wako. Ivan Lendl, nyota wa tenisi wa zamani, hakuwahi kushinda Wimbledon, mashindano makubwa ya Uingereza, lakini mchezaji Andy Murray alilitwaa taji hilo mwaka 2013 Lendl akiwa kocha wake.

Tuanze na kiwanja. Usisubiri cha tenisi. Omba cha netiboli shuleni, hasa kama kimesakafiwa. Kina mita 30.5 kwa 15.25. Kiwanja kamili cha tenisi ni mita 23.77 kwa 10.97, na ukijumlisha nafasi ya kukimbilia nyuma hakiingii humo. Lakini mtoto wa miaka 5 hadi 8 hakihitaji. Yeye anatosheka na mita 11 kwa 5.5, wavu ukiwa na kimo cha sentimita 80.

Funga kamba kutoka nguzo ya goli moja hadi ya jingine, maana nguzo hizo ziko katikati ya mistari ya mwisho. Kiwanja kimegawanyika kwa urefu, na vinaingia viwanja vidogo vinne vinavyoikatiza kamba, kamba ikiwa wavu wa vyote, kila kimoja na nafasi ya mita 2 hivi kutoka kwa jirani yake. Kamba ya mita 30 italegea hata uivute vipi, kwa hiyo itegemeze sehemu tatu kwa vijiti vilivyosimikwa kwenye ndoo za mchanga. Kisha tundika vipande vya nyavu chakavu. Waulize wavuvi wa Mikindani. Ukiacha kamba tupu, nusu ya kipindi itaisha kwa ubishi kama mpira ulipita juu au chini. Mistari ichore kwa chaki. Chokaa ya unga upepo unaipeleka machoni.

Mpira wa njano wa kawaida humdundia mtoto mdogo hadi juu ya kichwa, naye hujifunza kuukwepa. Kuna mipira ya hatua tatu: mwekundu, ambao ni mwepesi kudhibitiwa kwa kuwa kasi yake imepungua kwa asilimia 75, wa chungwa asilimia 50, na wa kijani 25. Agiza Dar es Salaam ile myekundu kwanza. Wakati unasubiri, mipira ya njano iliyochoka inafaa. Kuijua ni rahisi: weka alama ukutani sentimita 254 kutoka chini, uachie mpira kwenye sakafu ngumu. Mzima hurudi hadi kati ya sentimita 135 na 147. Usiofika huko uhamishie kwenye ndoo ya watoto.

Raketi nayo isiwe ya kaka yake. Mtoto asimame wima, mkono umenyooka ubavuni: kichwa cha raketi kikigusa sakafu bila kiwiko kupinda, inamfaa. Ikimlazimu kukunja kiwiko, ni ndefu.

Sasa kipindi chenyewe. Weka watoto watatu kila kiwanja: mmoja anarusha kwa mkono toka chini, mmoja anapiga, mmoja anadaka. Mipira 10, wanabadilishana. Kwa dakika 20 zile zile kila mmoja atapiga kama mipira 60, na wewe umebaki huru kutembea na kutazama. Hapo ndipo kazi ilipo. Sahihisha jambo moja tu kwa siku. Mstaafu huona makosa matano kwa mtoto mmoja na kuyataja yote, mtoto akaganda kama nguzo.

Kosa utakaloliona zaidi ni kuchelewa kupiga. Kumwambia "wahi!" hakumsaidii, kwa sababu hajui amechelewa wapi. Sababu yake kwa kawaida ni kwamba raketi inaanza kurudi nyuma baada ya mpira kudunda, wakati ilitakiwa iwe tayari. Wewe hulioni kwa sababu mkono wako unafanya hivyo wenyewe miaka yote. Mwambie aseme "tua" mpira ukidunda na "piga" ukigusa raketi. Maneno yakigongana, anajisikia mwenyewe. Kwa sevu, yaani mpigo wa kuanzisha mchezo, usimtajie majina ya mishiko. Mwambie ashike raketi kama panga la kufyekea majani chini ya mikorosho. Ataipata papo hapo.

Linda bega lako pia. Wanaoanza warushie mipira kwa mkono, ukiwa upande wao wa wavu.

Ratiba: anza saa 12 na nusu asubuhi, maliza kabla ya saa 3, jioni ni saa 10 na nusu kuendelea. Ulizia kwanza saa za madrasa, la sivyo utabaki na ndoo zako. Ada usiidai kila mwezi kwa mzazi mkulima. Fedha zake huingia minada ya korosho ikianza, Oktoba na kuendelea, basi kubaliana naye alipe ya msimu mzima wakati huo. Masika ukimdai utampoteza mtoto.

Kusi likishika, sevu ndiyo huharibika kwanza. Mfundishe mtoto kurusha mpira usipite sana kimo ambacho raketi inafika mkono ukinyooka. Ukipeperuka, asiukimbilie kama wafanyavyo wakongwe kwa mazoea. Audake, arushe tena. Maadamu hakuupungia raketi, kanuni hazihesabu kosa.