Vidole vya miguu kufa ganzi ukikimbia alfajiri
Pole dada. Umesema vidole vinakufa ganzi ukifika kilomita ya tatu, alfajiri huko Iten, Kenya. Baridi ya mwinuko wa mita 2,400 ni ya kweli, lakini anza na kamba za viatu. Ukizikaza sana juu ya mguu, zinabana mishipa ya fahamu na damu haipiti vizuri. Ruka tundu moja pale panapobana. Mbele ya kidole kirefu iache nafasi ya upana wa kidole gumba, maana mguu huvimba ukikimbia. Usivae soksi mbili ndani ya kiatu kilichobana, utazidi kuganda. Vaa moja ya sufu, kwani pamba hushika jasho. Vidole vikigeuka vyeupe kama chaki, au ganzi ikibaki hata baada ya kupumzika, nenda hospitali, wakupime na sukari.